ELM327 kwenye gari kuukuu: kinaonyesha mgonjwa alipolia, si alipoumia

ELM327 ni kisomeo cha kompyuta ya injini, chenye ukubwa wa kiberiti. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth au Wi-Fi, na kwa bei yake hakuna chombo kingine cha gereji kinachotoa habari nyingi kiasi hicho. Tatizo ni matumizi. Wengi hukinunua ili kusoma namba ya kosa, kisha wanakimbilia kununua sensa iliyotajwa kwenye maelezo. Wanaifunga, wanafuta kosa, na baada ya siku tatu taa ya injini imerudi. Kwa gari lenye miaka kumi na mitano au zaidi, thamani ya kisomeo hiki iko kwenye vipimo vinavyotembea injini ikiwa inaunguruma. Namba ya kosa ni mlango tu wa kuingilia.

Je, kitalisoma gari lako?

Hili ndilo swali la kwanza, na wauzaji hulikwepa. Mfumo wa OBD-II, lugha ya pamoja ambayo kisomeo hiki huongea na kompyuta ya gari, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996. Ulaya uliyafikia magari ya petroli mwaka 2001 na dizeli mwaka 2004. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani ni habari nyingine: mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi ileile ya pini 16, lakini kompyuta yake haiongei lugha ya OBD-II. Soketi kufanana si ushahidi.

Kabla ya kutoa hela, chukua tochi uchungulie soketi. Upande mpana ukiwa juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Ukiona chuma kwenye pini ya 6 na ya 14, gari linatumia CAN, njia mpya ya mawasiliano ya kompyuta za gari, jambo la kawaida kwa magari ya karibuni (Marekani ililazimisha CAN kuanzia 2008). Ukiona chuma kwenye pini ya 7 na hakuna kwenye 6 na 14, una gari la K-line, njia ya zamani na ya polepole, na hapo ndipo nakala mbovu hukwama. Pini ya 2, peke yake au pamoja na 10, ni mtindo wa J1850 wa magari ya Kimarekani. Zote tatu zikiwa tupu, weka pesa yako mfukoni.

Kuhusu nakala: chipu ya ELM327 ilibuniwa na Elm Electronics ya Kanada. Toleo lake la kwanza halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa, na kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 2022. Kwa hiyo karibu kila utakachokutana nacho dukani ni nakala, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kasha haithibitishi chochote. Zinazojiita v2.1 mara nyingi zimepunguzwa amri na itifaki kuliko zinazojiita v1.5, ingawa mnunuzi hudhani namba kubwa ndiyo bora. Nakala iliyopunguzwa itafanya kazi vizuri kwenye gari jipya la rafiki yako na kukataa kabisa kwenye lako la 2002, kwa sababu sehemu ya K-line haimo.

Kuijaribu ni kazi ya dakika mbili. Kwenye programu yenye dirisha la kuandika amri, washa swichi bila kupiga stata, andika ATI uone inavyojitambulisha, kisha ATSP3, halafu 0100. Ukipata jibu linaloanza na 41 00, itifaki ya ISO 9141-2, mojawapo ya lugha za K-line, inafanya kazi. Kama halikuja, jaribu ATSP4 na ATSP5, ambazo ni za KWP, lugha nyingine ya K-line. Kuamsha kompyuta kwa K-line huchukua sekunde kadhaa, usikate tamaa haraka. Ukitaka uhakika zaidi, andika 0105 na upokee mfano 41 05 7B: 7B ni 123, toa 40, joto la maji ya injini ni nyuzi 83. Kisomeo kisichojibu kwenye 3, 4 wala 5, na pini ya 7 ipo, rudisha dukani.

Kisomeo kisipowaka hata taa, usikilaumu kwanza. Pima kwa multimita kati ya pini 16 na pini 4: lazima upate volti 12 na ushee hata swichi ikiwa imezimwa. Ukikosa, tafuta fyuzi. Kwenye baadhi ya magari soketi hii huchangia fyuzi moja na tundu la kuwashia sigara, na chaja mbovu ya simu imeshaiunguza zamani bila mtu kujua.

Kisomeo cha Bluetooth huomba namba ya siri 1234 au 0000. Wenye iPhone wachukue cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya nishati ndogo, maana ile ya kawaida haitaunganika. Cha Wi-Fi kwa kawaida hukaa kwenye anwani 192.168.0.10, mlango 35000, na simu itapoteza intaneti wakati imekishika.

P0171, kosa ambalo kisomeo hiki kinalipia gharama yake

Maelezo ya P0171 yanasema mchanganyiko una mafuta machache. Watu husoma hivyo na kununua sensa ya oksijeni. Sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa, na mara nyingi imetoa taarifa ya kweli.

Fungua vipimo viwili tu: STFT na LTFT, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kusawazisha mchanganyiko. Jumla ya viwili ikiwa kati ya -10 na +10, injini iko sawa. Ikifika +20 na zaidi, kompyuta inamimina mafuta ya ziada kuficha upungufu fulani. Kwenye gari la K-line usifungue vipimo kumi kwa pamoja, kasi yake ni ndogo mno, na ukiweka vingi kila kimoja kitasasishwa kwa kuchelewa hadi usielewe kinachotokea.

Sasa injini ikiwa imepata moto, andika namba ikiwa kwenye sailensi, yaani ikizunguka bila kukanyagwa. Kisha kanyaga ishike mizunguko 2,500 kwa dakika, ikae hapo nusu dakika, andika tena.

Ukipata +18 kwenye sailensi na +4 kwenye 2,500, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Tundu ni lilelile, lakini kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi inamezwa. Anza na mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la eya klina kwenda kwenye throto, kilango cha kupitishia hewa ya injini: ukunje kwa mkono, nyufa za mpira mkuukuu hujificha ndani ya mikunjo na hazionekani ukiutazama ukiwa umenyooka. Fuata mpira wa kupumulia injini, mara nyingi upande wa chini uliolowa oili na kulainika. Kisha bomba la kwenda kwenye busta ya breki: libane kwa koleo lililofunikwa kitambaa, na kama STFT inashuka ghafla, umelipata. Mwisho kabisa ni gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kabureta pembeni ya gasketi na kutazama STFT ikiporomoka. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto, na ekzosi iko sentimita chache tu. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia ni polepole zaidi, ila hayakuchomi nyusi.

Ukipata kinyume, +5 kwenye sailensi na +20 gari likiwa na mzigo, achana na mipira. Hapo ama mafuta hayatoshi ama sensa ya MAF, inayopima hewa inayoingia, inadanganya. Anza na MAF kwa sababu ni bure: injini ya moto, kiyoyozi kimezimwa, kwenye sailensi isome gramu kwa sekunde zinazokaribia idadi ya lita za injini. Ya lita 1.8 isome karibu na 2. Ikisoma chini sana, ifungue, ipulize kwa dawa maalumu ya MAF, usiguse ule waya mwembamba hata kwa pamba, iache ikauke dakika kumi. Asilimia zisiposhuka, tatizo liko kwenye filta ya mafuta au pampu, na kisomeo kimefika mwisho wake. Kinachohitajika sasa ni geji ya presha ya mafuta. Injini nyingi za nozeli zinataka karibu bar 3. Takwimu kamili iko kwenye kitabu cha gari.

Tahadhari moja inayowapoteza hata wazoefu: kwenye injini zisizo na MAF, zinazotumia sensa ya MAP inayopima presha ya hewa ndani ya manifoldi, hewa ya wizi haileti P0171 kwa urahisi. Sensa ile inaiona hewa hiyo, kompyuta inaongeza mafuta, na dalili unayopata ni sailensi iliyopanda. MAP nzuri kwenye usawa wa bahari husoma kama kPa 100 swichi ikiwa imewashwa bila injini, na 25 hadi 40 kwenye sailensi. Ikisoma 55 kwenye sailensi, tafuta uvujaji au taiming iliyoruka jino.

Asilimia zikiwa hasi, -20 na kushuka, injini inazidishiwa mafuta. Chomoa mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Ukikuta petroli ndani ya mpira, kiwambo kimepasuka, umemaliza. Nusa na kijiti cha oili pia: oili iliyokunywa petroli hutoa mvuke unaochanganya hesabu, na wakati mwingine kuibadilisha peke yake kunatosha.

Misi

Kwenye misi, yaani silinda kushindwa kuunguza mafuta yake, namba ya kosa ina msaada wa moja kwa moja. P0302 ni silinda ya pili, P0304 ya nne, P0300 ni misi inayohama. Usinunue kitu. Kwa injini yenye koili moja kwa kila silinda, hamisha koili ya 2 iende ya 4, futa kosa, endesha. Likirudi kama P0304, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0302, rudia mchezo kwa plagi, kisha kwa nozeli. Likigoma kuhama baada ya vyote vitatu, pima kompresheni: injini nyingi za petroli zenye afya hutoa kati ya bar 11 na 14, na silinda moja isipishane na zenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15.

Unapotoa plagi, tazama kisima chake. Oili mle ndani inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, na koili mpya itakufa vilevile usipoibadilisha. Mwanya wa plagi uwe ule wa kitabu, kwa kawaida milimita 0.8 hadi 1.1. Uliopanuka kwa kuchakaa huilazimisha koili kurusha umeme mkubwa zaidi, na ndivyo koili nyingi zinavyoungua.

Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, ondoa mguu na usimame. Petroli isiyoungua inaenda kuunguzwa ndani ya masega ya ekzosi, yaani kisafisha moshi, na masega yakiyeyuka gharama inazidi koili mara nyingi.

P0420

Kosa hili linasema masega hayasafishi vya kutosha. Tazama sensa mbili za oksijeni kwa pamoja: ya mbele icheze kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma itulie karibu na 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikicheza sawasawa na ya mbele, masega yamechoka. Kabla ya kuhukumu, sikiliza ekzosi asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio wa tik-tik kwenye maungio unaonyesha hewa inaingia kabla ya sensa, na hewa hiyo huleta P0420 bila masega kuwa na kosa. Baadhi ya magari, Toyota zikiwemo, yana sensa ya mbele ya aina nyingine inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Programu huionyesha kwa volti za ajabu, na kuilinganisha na 0.1 na 0.9 ni kujipoteza.

Joto, sailensi na gari linalozimika likipata moto

Asubuhi, kabla ya kuwasha, linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha lionyeshe namba mbili zinazokaribiana. Maji yakisoma nyuzi -40, hakuna barafu popote: waya umekatika au plagi ya sensa imechomoka. Sensa yenyewe, nyingi, hupima kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 na omu 200 hadi 300 kwenye 80. Kama joto linapanda vizuri gari likisimama kisha linashuka hadi 65 barabarani, thamostati imekwama ikiwa wazi, na P0128, kosa la injini kutofikia joto lake, itafuata. Gari la namna hii hula mafuta, na kuna mafundi ambao huitoa thamostati kabisa ili lisichemshe. Wanaliponza.

Kwa sailensi inayopanda na kushuka, au P0505 (kosa la udhibiti wa sailensi), safisha throto kwanza. Kama ni ya umeme, usikisukume kile kisahani kwa kidole.

Kwa gari linalozimika likipata moto na kuwaka likipoa, piga stata huku ukitazama mzunguko wa injini kwenye simu. Lazima isome kitu, kati ya 150 na 300 hivi. Ikibaki sifuri wakati stata inazungusha, sensa ya krenki au waya wake ndiyo mshukiwa. Fanya jaribio hili gari likiwa bado na moto, likishapoa sensa itajifanya nzima.

Kinapokosea na kisichoweza

Kipimo chake cha volti si cha kuamini. Nakala nyingi hupungukiwa au kuzidi kwa sehemu kadhaa za kumi, kwa hiyo linganisha mara moja na multimita kwenye betri yenyewe na ukumbuke tofauti. Betri iliyopumzika iwe 12.6, alteneta ikichaji 13.8 hadi 14.5, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, kisomeo chenyewe kinaweza kuzimika na kuwaka upya, nawe ukadhani kimeharibika.

Hakitasoma ABS, eabegi wala imobilaiza kwa magari mengi, kwa kuwa OBD-II ililazimisha injini na uchafuzi wa hewa tu. Hakijui presha ya mafuta, kompresheni wala mnyororo wa taiming uliolegea, isipokuwa kwa kubahatisha kupitia dalili. Namba zinazoanza na P1 ni za kila kampuni kivyake, na programu za bure huzitafsiri ovyo. Mnunuzi wa gari la aina hii anunue kisomeo na multimita siku moja, la sivyo anunue multimita.

Kitufe cha kufuta makosa ndicho kinacholeta hasara kubwa kuliko vyote. Kukibonyeza kunafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini kosa lilipotokea: mwendo, joto, mzigo, asilimia za mafuta. Kwa magari mengi kunafuta LTFT iliyojifunza kwa wiki nzima, na majaribio ya ndani yanaanza upya. Piga picha ya skrini ya kila ukurasa kwanza. Kosa lililotokea kwenye nyuzi 30, kilomita sifuri kwa saa, ni tofauti kabisa na lilelile lililotokea kwenye nyuzi 92 ukipanda mlima.

Na wale ambao soketi yao haisemi OBD-II wasijione wamesahauliwa. Toyota nyingi za zamani hutoa makosa kwa kupepesa taa ya injini: unaunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, au pini 13 na 4 kwenye soketi ya pini 16, kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa bila injini. Mipepeso ya haraka isiyokoma inamaanisha hakuna kosa. Miwili, kituo, kisha miwili ni 22, sensa ya joto la maji. Minne, kituo, kisha mmoja ni 41, sensa ya throto. Hesabu mara tatu, na uhakikishe pini kabla ya kugusa, kwani kuingiza waya kwenye 16 kwa makosa ni kuunguza fyuzi au zaidi.

Kwenye alama, nakala nzuri yenye K-line inastahili nne kati ya tano kwa mtu aliye tayari kusoma STFT, na mbili kwa anayetaka kuambiwa anunue nini. Inapoteza alama kwa wauzaji wasiosema itifaki zipi zimo, na kwa jambo moja dogo: haina swichi kwenye matoleo mengi, na pini 16 ina umeme muda wote. Kikivuta miliampea 40, kinakula karibu saa-ampea moja kwa siku, na betri ya saa-ampea 45 inafika nusu ndani ya siku 23 hivi gari likiegeshwa. Kichomoe ukishuka.